Yule mathe wa begi ushago, kazi yake ni hii
Ukienda ushago Naitiri, kule Tongaren, Bungoma, utamwona mathe na begi akitoka boma moja hadi lingine katikati ya mahindi. Hauzi kitu, wasee. Ni CHP, mhudumu wa afya ya jamii. Septemba 2023 gava ilizindua zaidi ya 100,000 nchi nzima, na begi zina mashine ya presha, ya sukari, mizani, hadi utepe wa kupima mkono wa mtoi. Kila mmoja husimamia karibu nyumba 100. Shosh akipatwa presha iko juu, anatumwa hosi mapema, kabla haijamwangusha shambani. Malipo? Ngiri tano kwa mwezi, nusu ya gava kuu, nusu ya kaunti. Na vijiti vya sukari vikiisha, ile mashine ni pambo tu.