Kumwelekeza Kibla Mgonjwa Anayebanwa na Pumzi

Miongoni mwa masuala wanayoulizwa maimamu na jamaa wa wagonjwa mahututi ni hili: mgonjwa aliyekaribia sakaratul-mauti huku pumzi zinambana, je, ni lazima alazwe kuelekea Kibla hata kama akilazwa anazidi kutweta?

Kwanza tufahamu hali yake. Mwenye moyo uliodhoofika au maradhi makubwa ya mapafu akilazwa bila kuinuliwa kifua, viungo vya tumboni huyabana mapafu, na damu iliyokuwa miguuni hurudi kifuani. Huhisi kama anazama. Akiegemezwa mito na kupepewa usoni, mara nyingi hupata nafuu.

Ama hukumu, kumwelekeza Kibla anayekata roho ni sunna kwa wanazuoni walio wengi, si faradhi. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria), katika Minhaj, ametaja kulazwa ubavu wa kulia. Ikishindikana, alazwe chali, uso na nyayo zielekee Kibla. Mafakihi wa Kishafi wakabainisha kuwa kichwa kiinuliwe kidogo ili uso uelekee huko. Kwa hiyo, kumwinua kwa mito hakumtoi katika sunna, maadamu kitanda kimegeuzwa miguu iwe upande wa Kibla. Na kwa Mahanafi, Haskafi (aliyefariki mwaka 1088 Hijria) ameeleza kuwa ikimuwia mashaka, aachwe alivyo.

Vivyo hivyo katika talkini. Mwenye pumzi fupi hutamka kwa taabu, basi asishurutishwe. Shahada itajwe karibu naye kwa upole, na akishaitamka asirudishiwe mpaka azungumze jambo jingine.

Na daktari akiagiza mofini kwa kipimo kidogo ili kutuliza hisia ya kukosa hewa, jamaa wasidhani kuwa anauawa. Mambo huhukumiwa kwa makusudio yake, na makusudio hapa ni kuondoa dhiki. Dawa ya kulevya inayotolewa na mjuzi kwa haja ya tiba, kwa kiasi cha haja hiyo, haina hukumu ya ulevi.

Maimamu wawafundishe watu haya mapema, kabla ya kuitwa kitandani, kwani anayebanwa na pumzi hana uwezo wa kujitetea mbele ya jamaa wanaomlaza kwa nguvu wakidhani wanamtendea wema.

Wallahu a'lam.