Skripti 300 si Wafanyakazi 300

Wanaoniuliza hubadilika, swali halibadiliki: "Kaka, gemu yangu ya Roblox ina sarafu 300, na kila sarafu ina skripti yake ya kuizungusha. Wachezaji wakifika kumi inaanza kukwama. Nizifunge zote ndani ya task.spawn ili ziende kwa pamoja?"

Hapana. Na tafadhali usinijibu kwamba kuna video ulimoona jamaa akifanya hivyo na gemu yake ikawa nyepesi.

Najua imani hii inatoka wapi. Unabonyeza Play, sarafu zote zinazunguka mbele ya macho yako, basi unajihesabia: skripti 300, mikono 300. Mikono hiyo haipo. Luau, lugha ya Roblox, kwa kawaida huendesha skripti moja tu kwa wakati mmoja. Ikifika penye task.wait inakaa kando, nyingine inashika zamu. Skripti hupokezana zamu kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, nawe unadhani zote zinafanya kazi sambamba.

Sasa task.spawn inafanya nini? Inaanzisha kazi mpya papo hapo, na kazi hiyo ikifika mahali pa kusubiri, zamu inarudi kwa aliyeiita. Basi. Coroutine nayo ni vivyo hivyo. Ni kama kinyozi mmoja mwenye wateja wengi: kinyozi ni yule yule, wewe umenunua mabenchi ya kungojea. Na ukiweka kitanzi kisicho na mahali pa kusubiri hata pamoja, hakuna benchi litakalokuokoa: kila kitu kinasimama mpaka Roblox yenyewe iikate skripti hiyo kwa kosa la kupitisha muda.

Fanya hesabu kabla ya kubishana. Seva hulenga fremu 60 kwa sekunde, yaani kila fremu ina milisekunde 16.7 hivi, na humo fizikia, mtandao na skripti zako zote vinagombea nafasi. Sarafu 300 zikiamshwa kila fremu, ni mara 18,000 kwa sekunde, kwa kazi ya kupamba tu. Tena kila mara seva inapoigeuza sarafu, inabidi iwatumie wachezaji habari hizo. Ndiyo maana ulikwama walipofika kumi: skripti hazikuongezeka, waliotumiwa ndio walioongezeka. task.spawn ingekusaidia nini hapo?

Wanaong'ang'ania wait() ya zamani wana balaa la ziada. Haiamki chini ya takriban sekunde 0.03, na kazi zikirundikana Roblox huziahirisha. Umeomba nusu sekunde, unapewa zaidi, kisha unalaumu intaneti. task.wait, iliyokuja 2021, haiahirishi namna hiyo. Lakini haigeuzi kazi ya ovyo kuwa kazi ya maana.

Haya, ya kufanya. Kwanza pima: bonyeza F9, fungua ScriptProfiler, uone ni skripti ipi inayokula muda. Futa zile skripti 300. Zipe sarafu zote tagi moja ya CollectionService, zihudumiwe na skripti moja yenye kitanzi kimoja. Kitanzi hicho kiweke kwenye LocalScript, kila mchezaji azungushiwe sarafu na kifaa chake mwenyewe. Seva ibaki na uamuzi wa nani ameokota nini. Usiulize kila fremu kama kitu kimebadilika, sikiliza tukio lenyewe: Touched au GetPropertyChangedSignal. Adui anayetafuta wa kumfukuza anatosheka kutazama mara mbili kwa sekunde, na maadui wasitazame wote katika fremu moja. Ukihitaji usambamba wa kweli, upo: unaitwa Actor, pamoja na task.desynchronize. Unafaa hesabu nzito, na skripti ikiwa katika hali hiyo hairuhusiwi kubadili vitu vingi vya ulimwengu wa gemu, kwa hiyo si dawa ya sarafu. Na zile modeli za bure za Toolbox zinazojiita "anti-lag", usiziguse: ukiingiza skripti ambayo hujaisoma, umempa mtu usiyemjua nafasi ya kuendesha msimbo wake kwenye seva yako.

Ukishafanya hayo na bado inakwama, niulize tena. Ila uje na picha ya ScriptProfiler. Bila hiyo, sijibu.