Tairi ya bodaboda Arua–Koboko: soma namba ya mzigo kabla ya bei

Kwa wasafirishaji wa mizigo kati ya Arua na Koboko, tairi ya nyuma ndiyo huisha kwanza. Wengine hubana matumizi kwa kufunga nyuma tairi nyembamba ya mbele, ambayo ni nafuu. Hesabu inaonyesha hatari yake.

Bajaj Boxer ya cc 100 hutumia 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Rimu zote ni inchi 17, kwa hiyo tairi huingia bila shida. Tazama namba inayofuata saizi: 41 ni tairi ya kubeba kilo 145, na 50 ni kilo 190, ikiwa na upepo wa kutosha. Chukua pikipiki ya kilo 110, dereva wa kilo 70 na gunia la kilo 100. Jumla ni 280. Theluthi mbili zikilalia nyuma ni karibu kilo 187. Tairi ya 50 imefika ukingoni. Ya 41 imezidiwa kwa kilo 42. Abiria akipanda, hata ya 50 haitoshi.

Angalia pia umri. Tarakimu 2319 ubavuni ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani, hasa ukianikwa juani.

Kuhusu kashata, barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba, kilomita 92, ni ya lami, na kashata kubwa huliwa haraka juu ya lami ya moto. Anayevuka Oraba kwenda Kaya, Sudan Kusini, na kukuta matope ndiye anayezihitaji.