Mchumba wa nchi jirani: nenda kwanza ukaone kwao

Zamani mchumba alitoka kijiji cha jirani, na wazee wa pande zote mbili walijuana tangu enzi za mababu. Kama ukoo ulikuwa na wagomvi au walevi, habari zao zilifika kabla ya mshenga. Siku hizi vijana wetu hukutana na wenzao wa nchi jirani vyuoni, kazini na safarini, kisha kila mmoja hurudi kwao na uchumba ukaendelea kwa simu. Simu huleta sauti ya mchumba, na hata sura yake. Haimleti mama yake, wala majirani zake, wala sheria za nchi yake. Ndiyo maana binti anayetaka kuolewa nje hana budi kwenda kupaona kwao kabla ya kutoa neno lake la mwisho.

Tuchukue mfano wa binti wa Kitanzania ambaye mchumba wake ni mwenyeji wa Rwimbogo. Hii ni kata ya Wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi kabisa mwa Rwanda, katika sehemu iliyokuwa Mkoa wa Cyangugu hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006.

Jambo la kwanza ni kuwaarifu wazazi na kufuatana na shangazi au dada mkubwa. Binti aendaye peke yake huitwa majina, hapa kwetu na huko aendako. Pili ni safari yenyewe. Mpaka huvukwa Rusumo, kwenye Mto Kagera. Mtanzania haombi viza, lakini yampasa awe na pasipoti. Kutoka Kigali basi hupita Huye, huukata msitu wa Nyungwe, na hufika Kamembe, mji ulio kando ya Ziwa Kivu, ukitazamana na Bukavu ya Kongo. Saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na magari hupita upande wa kulia. Basi mgeni awe mwangalifu avukapo barabara. Zawadi zifungwe katika kikapu au kitambaa, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku huko tangu mwaka 2008.

Kuhusu lugha, Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na katika Rusizi wengi hukisikia kwa sababu ya biashara na Bukavu. Hata hivyo, wazee wa vijijini huzungumza Kinyarwanda, na kwa muda mrefu walikiona Kiswahili kuwa lugha ya masoko na mijini. Binti akijifunza maneno machache atafungua mioyo: "mwaramutse" asubuhi, "mwiriwe" mchana na jioni, "murakoze" kwa shukrani. Mavyaa huitwa "mabukwe," na bavyaa "databukwe." Akipewa maziwa, ambayo ni heshima kubwa kwa mgeni, ayapokee kwa mikono miwili. Asishangae pia akiona ndugu wa tumbo moja wana majina tofauti kabisa. Kwa desturi ya Wanyarwanda kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na si lazima abebe jina la baba. Nasi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa hiyo asingoje kuambiwa, bali ashike ufagio au akae na wifi zake kuchambua maharage. Huko jikoni ndiko atakakoijua nyumba kuliko sebuleni.

Lipo jambo moja ambalo lataka hekima zaidi. Kwetu kuuliza "wewe kabila gani?" ni mazungumzo ya kawaida, pengine hata ya utani. Rwanda swali hilo ni kidonda. Mwaka 1994, kati ya Aprili na Julai, Watutsi waliuawa kwa halaiki nchini kote, na sehemu za Cyangugu hazikusalimika. Vitambulisho vya sasa havitaji kabila. Binti asiulize mjomba fulani alikufaje, wala kwa nini nyumba ya jirani ni gofu. Kama ni la kuambiwa, ataambiwa siku wenyewe watakapomhesabu kuwa mtu wao. Tena asipange ziara ya furaha katika wiki inayoanza tarehe 7 Aprili, kwa kuwa ni wiki ya maombolezo ya taifa.

Rwimbogo yenyewe ina historia ya kufundisha katika jambo hili. Katika parokia ya Mushaka, iliyo katani humo, Padri Ubald Rugirangoga, ambaye mama yake aliuawa mwaka 1994, alifanya kazi ya kuwapatanisha walioua na waliofiwa hadi wakashiriki tena ibada pamoja. Padri huyo alifariki Januari 2021. Zimekuwako hata ndoa kati ya watoto wa pande hizo mbili. Binti aingiaye katika jamii kama hiyo huingia mahali ambapo amani ilinunuliwa kwa gharama kubwa, na ulimi wake usiwe wa kuitonesha.

Lakini kunyamaza kuhusu yaliyopita si kunyamaza kuhusu yajayo. Hapa ndipo mabinti wengi huona haya, na haya hiyo huweza kuwagharimu maisha yao yote. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 hutambua ndoa ya kidini, ya kimila na ya kiserikali, na huruhusu ndoa ya wake wengi. Katiba ya Rwanda hutambua ndoa moja tu, nayo ni ya kiserikali, ya mume mmoja na mke mmoja. Arusi ya kanisani au msikitini peke yake haimpi mwanamke hadhi ya mke mbele ya sheria ya huko. Wala mahari hayampi, hata wakitolewa ng'ombe huku wasemaji wa pande mbili wakishindana kwa maneno matamu. Ndoa hufungwa kwa kiapo mbele ya ofisa wa serikali, mara nyingi katika ofisi ya kata, na siku hiyo maarusi huchagua kama mali yote itakuwa ya pamoja, au sehemu yake tu, au kila mtu abaki na yake.

Kwa hiyo binti aulize kwa upole, mbele ya shangazi yake: Tutaapa lini na wapi? Tumechagua mpango gani wa mali? Tutakaa shambani kwa wazazi au mjini? Amwombe mchumba pia hati ya ofisi ya kata inayothibitisha kuwa hajaoa. Mwanamume mwenye nia njema hataudhika, maana naye ana haki ya kuuliza hayo hayo.

Akirudi nyumbani awaeleze wazazi aliyoyaona yote, mazuri na mabaya, bila kupamba. Uchumba ukivunjika baada ya ziara, hasara ni nauli tu. Ukivunjika baada ya watoto wawili, katika nchi ambayo hati zake hazimtambui kuwa mke, hasara hiyo hataimaliza kuilipa.