Gari Likikataa Kuwaka: Pima Kabla ya Kununua Betri Mpya

Wakazi wanaosafiri alfajiri kati ya Kitale na Bungoma wanaijua hali hii. Unaingia garini saa kumi na moja asubuhi, unazungusha ufunguo, injini inanguruma kidogo kisha kimya. Jirani anasema, "Betri imekufa, nunua nyingine." Unanunua, na wiki mbili baadaye gari linakataa tena. Pesa zimekwenda, na shida haikuwa betri.

Kazi ya betri ni kuweka umeme na kuizungusha stata ili injini iwake. Injini ikishawaka, alteneta inayozungushwa na fenibelti huzalisha umeme wa taa na vifaa vingine, na kuirudishia betri kilichotumika. Nyaya huunganisha yote hayo. Sehemu yoyote ikiwa na hitilafu, dalili ni ile ile: gari haliwaki.

Hali ya hewa nayo huchangia. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya asubuhi hupunguza nguvu ya betri huku oili ya injini ikiwa nzito. Ndiyo maana betri iliyochoka yaweza kuwasha gari vizuri Bungoma mchana, kisha ikashindwa Kitale alfajiri.

Anza kwa kuangalia

Zima gari na ufungue boneti. Ukoko mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri huzuia umeme kupita. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Safisha kwa maji moto na brashi, kausha, halafu rudisha ukianza na chanya. Kaza vizuri na upake girisi kidogo. Kagua pia fenibelti: ikiwa imelegea au imepasuka, alteneta haiwezi kuchaji ipasavyo.

Pima kwa mita

Fundi yeyote wa umeme wa magari ana mita, na upimaji huchukua dakika chache. Mwombe apime mara tatu:

1. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa. Betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki nusu.
2. Wakati wa kuwasha. Ikiwa betri ilikuwa imejaa lakini volti zinashuka chini ya 9.6, huenda imechoka.
3. Injini ikinguruma. Katika magari mengi, mita husoma kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki chini ya 13, betri haichajiwi. Kagua alteneta, fenibelti na nyaya. Ikizidi 15, betri inachajiwa kupita kiasi na maji yake hukauka.

Usikubali fundi ang'oe waya wa betri injini ikiwa inanguruma ili "kujaribu alteneta". Njia hiyo ya zamani yaweza kuunguza kompyuta ya gari, na kompyuta ni ghali kuliko betri.

Ikiwa vipimo vyote ni sawa lakini betri huisha usiku, ichaji ijae, kisha fungua waya wa hasi ukienda kulala. Asubuhi urudishe. Gari likiwaka bila shida, kuna kifaa kinachonyonya umeme: taa ya buti, redio, kengele ya wizi au spika zilizoongezwa.

Taa nyekundu ya betri ikiwaka njiani

Gari sasa linatumia akiba ya betri pekee. Zima redio, feni na vifaa vingine, na uelekee kwa fundi wa karibu bila kuzima injini. Lakini joto la injini likipanda, simama mara moja, kwani fenibelti huenda imekatika na katika magari mengi ndiyo huzungusha pampu ya maji. Usiku, usijaribu kumaliza safari. Taa zitafifia na wenye malori hawatakuona. Toka barabarani na uweke pembetatu za tahadhari.

Kuazima umeme

Magari mengi madogo hutumia volti 12, lakini malori mengi ya kubeba mahindi hutumia volti 24. Usijampu gari dogo kutoka kwa lori kama hilo. Unganisha waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyoisha, kisha chanya ya betri nzima. Waya mweusi uanze kwenye hasi ya betri nzima na umalizie kwenye chuma cha injini ya gari lililokwama, mbali na betri. Betri hutoa gesi inayoweza kulipuka, kwa hivyo usivute sigara wala kuwasha kiberiti karibu.

Betri ya maji huongezwa maji ya betri pekee, si ya mfereji wala ya mvua.

Betri iliyokufa kweli

Usiipasue nyumbani wala kumwaga asidi yake shambani. Ndani yake mna risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaathiri wakazi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Irudishe betri dukani unaponunua mpya, au umpe mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA.