Mahindi Yakikunja Majani Adhuhuri (Sehemu ya Pili): Mirija Inayokauka na Kujaa Tena

Juma lililopita tuliyafuata maji kutoka udongoni hadi ndani ya mzizi. Leo tuitazame mirija yenyewe. Ukikata mzizi mnene wa mahindi kwa wembe na kuuangalia kwa kioo cha kukuzia, utaona matundu yaliyojipanga kwa duara. Makubwa yana upana wa takriban sehemu ya kumi ya milimita. Seli zilizoijenga mirija hiyo zimekwisha kufa, zimebaki kuta. Lakini karibu na ncha, pale udongo unapogandamana na mzizi hata ukiung'oa mmea, mirija mikubwa ingali hai na imeziba, haijaanza kazi.

Mwaka 1894, mjini Dublin, Henry Dixon na John Joly walieleza kwamba jua likiwaka maji huvutwa na majani kutoka juu, nayo hupanda kwa sababu molekuli zake zimeshikana. Lakini kinachovutwa sana hukatika. Hewa ikipenya ukuta wa mrija, maji hukatika na mrija huwa mtupu. Mwaka 1966 Milburn na Johnson walikinasa kishindo cha kukatika huko kwenye mbarika, mmea ule ule tunaoupita kila siku kando ya njia.

Margaret McCully na wenzake, mwaka 1998, waligandisha mizizi ya mahindi papo hapo shambani kwa baridi kali, wakaichunguza kwa hadubini. Mirija mingi ilikuwa mitupu mchana, kisha ikajaa tena, mingine jua likingali juu. Wapinzani walisema kugandisha maji yanayovutwa ndiko kunakoyakata. Pingamizi hilo ni zito, na kujaa kwa mchana bado naliona ni jambo la kutiliwa shaka.

Kujaa kwa usiku hakuna utata. Majani yakipumzika, seli za mzizi husukuma chumvi ndani ya mirija, maji hufuata, hewa hubanwa na kuyeyuka. Pita shambani Runyenjes au Nkubu alfajiri, udongo ukiwa na unyevu: matone yaliyoning'inia kwenye ncha za majani ya mahindi si umande wote, mengine yametoka mizizini.

Lakini Siakago na Tharaka, mvua ikikatika mapema, udongo hauna cha kutoa usiku. Kwa hiyo usiyahukumu mahindi kwa kukunja majani saa saba mchana. Yakague saa kumi na mbili asubuhi: yakiwa bado yamejikunja, mirija haikujaa. Sifa kubwa ya mbegu ya Katumani ni kuwahi kukomaa kabla hali haijafika huko.

Msukumo wa mizizi unatosha mmea wa mita 2 au 3. Mti wa mukima wa mita 20 unaosimama mpakani mwa shamba hautoshelezwi nao, na ndio tutakaoushughulikia juma lijalo.