Usimfiche daktari sigara yako

Unakaa Section 58, Nakuru, na kikohozi hakikupi usingizi. Unakwenda kliniki na daktari anakuuliza kama unavuta sigara. "Niliacha," unajibu, na pakiti iko mfukoni!

Hapo unajidanganya mwenyewe. Kikohozi cha wiki mbili huenda ikawa ni kifua kikuu, na moshi wa sigara huongeza hatari ya kuupata ugonjwa huo na ya kufa nao. Daktari akijua ukweli atapima makohozi yako, kisha atakusaidia kuacha. Kukushauri na kupanga nawe siku ya kuacha humchukua dakika chache tu. Asipouliza, mwambie wewe.

Atataka kujua unakaa muda gani baada ya kuamka kabla ya kuwasha sigara ya kwanza. Ukiiwasha kabla ya nusu saa kwisha, basi nikotini imekushika barabara, na akikupa chingamu ya nikotini huenda ikawa ya miligramu 4 badala ya 2. Usiitafune kama ile ya dukani. Itafune polepole hadi usikie ukali kama wa pilipili, uiweke kati ya shavu na ufizi, na ukali ukiisha utafune tena. Usinywe chai wala kahawa robo saa kabla yake.

Wiki ya kwanza ndiyo ngumu: hasira, njaa, kukosa usingizi. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara moja moja, lakini vibandani bado huuzwa hivyo, na hiyo moja huwarudisha wengi nyuma. Ikikupata, rudi kwa daktari yule yule mpange siku nyingine.